Mwito wa Chumba cha Nyuma

Karakana yetu hapa Bunia ilikuwa na vyumba viwili, na ukuta uliovitenganisha ulikuwa mnene kiasi kwamba mtu wa nyuma akikohoa, wa mbele hasikii kitu. Nyumba yenyewe ilikuwa ya zamani. Watu walioishi humo kabla ya vita hatukuwajua. Walikimbia na hawakurudi. Misumari yao ilibaki ukutani, na patron wetu, mwenye karakana, alikataa kuing'oa. Alisema huwezi kujua, labda siku moja watakuja kutundika picha zao. Alisema kwa mzaha, lakini miaka yote niliyofanya kazi pale hakuna aliyetundika hata kofia kwenye misumari ile.

Tulikuwa tunatengeneza kadi ndogo za elektroniki zinazokaa ndani ya frigo, yale majokofu ya chanjo, kwenye vituo vya afya. Frigo ikianza kupata joto, kadi inatuma ujumbe kwenye simu ya muuguzi. Zilikwenda Boga, zilikwenda Mongbwalu, zilikwenda popote pikipiki inapoweza kupita bila kuzama kwenye tope. Kazi yangu mimi ilikuwa kuandika pilote. Ndivyo tulivyoita, kwa Kifaransa chetu, ile programu fupi inayoifundisha kompyuta namna ya kuongea na kifaa. Bila pilote, kadi ni kipande cha plastiki tu.

Ndani ya kadi kuna waya ambao vifaa vyote vinautumia kwa zamu. Kimoja kinaamuru, vingine vinanyamaza mpaka viulizwe. Wahandisi waliobuni mpango huo, mbali na hapa, walikiita kile kimoja bwana na vile vingine watumwa. Vitabuni ndivyo ilivyoandikwa, Kampala darasani ndivyo nilivyofundishwa, na karakana tulisema maître na esclave. Nilikuwa naandika maneno hayo kutwa nzima, na kwangu hayakuwa na uzito zaidi ya kuandika kulia na kushoto.

Kadi ya bwana ilikaa kwenye meza ya mbele. Watumwa, yaani vipimajoto, tulivijaribu ndani ya kongelateri, yaani friza kuukuu, la chumba cha nyuma. Kwa hiyo mmoja wetu alikaa mbele, mwingine nyuma, tukawa tunapigiana kelele kupitia mlango ulioachwa wazi. Patron ndiye aliyeanzisha desturi hiyo. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuuza ng'ombe mnadani. Akishabonyeza kitufe anapaza sauti: "Maître anaita!" Na wa nyuma, akiona taa ya kijani imewaka, anajibu: "Esclave iko!" halafu anasoma joto. Wageni walicheka sana. Sisi wenyewe tulicheka mwanzoni, baadaye ikawa mazoea, kama kufunga mlango ukitoka.

Mwenzangu alikuja msimu wa mvua, baada ya kijiji chao cha Djugu kuchomwa. Alikuwa amesoma informatique, elimu ya kompyuta, Kisangani, na aliandika msimbo safi kuliko wangu, jambo nililolikubali baada ya kununa kidogo. Yeye na mama yake waliishi kwenye site, kambi ya wakimbizi pembezoni mwa mji, chini ya turubai. Kwao walikuwa watu wa jembe. Kwetu tulikuwa watu wa ng'ombe. Hapa Bunia ukishasema hivyo umetaja pande mbili zilizopigana vitani, huna haja ya kuendelea.

Ilikuwa miaka tuliyoiita ya amani. Soko lilijaa, makwaya yalifanya mazoezi, na nyuma ya mlango wa kila nyumba niliyoijua kulikuwa na begi lililofungwa tayari. Kanisani watu wa kwao na watu wa kwetu walipeana mikono, halafu wakarudi nyumbani kwa njia tofauti. Majina yetu yanaonyesha kilima unachotoka, kwa hiyo mwenzangu alikuwa amelikata lake. Alijitambulisha kwa jina la ubatizo peke yake. Patron aliyaona majina mengine kwenye diploma yake, akanyamaza, na sisi wengine hatukuuliza.

Siku yake ya kwanza kukaa nyuma, mimi nilikuwa mbele. Nikabonyeza, nikapaza sauti: "Maître anaita!" Kimya. Nikarudia. Ndipo nikasikia mlio: alikuwa anagonga bati la kongelateri kwa mpini wa bisibisi. Halafu akasoma joto, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Uyu iko na aya," patron alisema, akicheka. Huyu ana haya.

Mimi sikucheka. Nikamfuata nyuma, nikamuuliza kama kwao watu huitikia kwa kugonga mabati.

"Sauti yangu haifikake kule mbele, yaya," alinijibu. Aliniita yaya, dada mkubwa, ingawa tulikuwa karibu umri mmoja.

Uongo mtupu. Alikuwa anaimba besi kwenye kwaya ya site, na Jumapili besi yake ilivuka barabara. Nikarudi mezani nimekunja uso. Kugonga kukaendelea wiki hiyo, na wiki iliyofuata, na mimi nikaanza kumchukia mtu huyu ambaye hakunikosea chochote.

Lazima niseme kwa nini. Kwetu mtaani Bigo hakuna anayebisha mlango kwa mkono. Mgeni anasimama uani na kuita, na tukiitambua sauti yake tunafungua. Nilikuwa shule ya msingi vita vilipoingia mjini. Asubuhi moja watu walibisha mlangoni kwetu. Hawakupiga teke wala kuvunja kitu. Walibisha polepole, kwa adabu, na baba akatuambia mtu mbaya habishi namna hiyo. Akavaa viatu, akafungua. Walimwomba atoke nao kidogo. Hatujapata kujua walimpeleka wapi, na mama bado ana koti lake.

Kwa hiyo mlio ule kutoka chumba cha nyuma haukuniacha. Niliusikia nikiwa mezani, na niliporudi nyumbani niliendelea kuusikia. Nikiosha vyombo niliusikia. Nikiwa kanisani, padre akigonga kipaza sauti kukijaribu, nilishtuka mpaka mama akanishika mkono. Niliogopa, na kwa vile mimi nina tabia ya kugeuza woga kuwa hasira, niliendelea kupaza sauti zaidi: "Maître anaita! Maître anaita!" kana kwamba nikipiga kelele ya kutosha yule mtu atafungua kinywa chake.

Ndipo ikaja ile barua pepe. Pilote yetu tulikuwa tumeipeleka kwa watu wanaotunza programu kuu ya bure, ile ambayo kompyuta nyingi duniani zinaitumia. Wakiipokea, inaingia humo na kusafiri nayo; wakiikataa, kila programu hiyo inapobadilika tunaanza upya. Walitujibu kwa upole. Pilote ni nzuri, walisema, lakini maneno haya mawili, bwana na mtumwa, hawayapokei tena kwenye kazi mpya. Tuyabadilishe, tuirudishe.

Patron aliisoma mara mbili, akapiga meza. "Bale njo baliletaka munyororo hapa," alisema, "leo bale njo banatufundisha neno!" Walioleta minyororo ndio leo wanaotufundisha maneno.

Nilikubaliana naye kwa moyo wote. Nilisema vituo vya afya havina mafuta ya jenereta, na watu wako mbali huko wanahesabu maneno. Nilisema waya hauna hisia. Mwenzangu alikuwa amesimama mlangoni akiwa na kipimajoto mkononi. Alikuwa anakizungusha kipimajoto kile, anakizungusha tu. Patron alikuwa anasafiri kwenda Kampala kununua vipuri. Akatuachia kazi hiyo wote wawili, tukae kwenye kompyuta moja, tuimalize kabla hajarudi.

Tukakaa. Sikuwahi kukaa karibu hivyo na mtu wa kwao. Mabega yalikaribia kugusana, na nilijua mama angeona asingelala. Mimi nilisoma mistari kwa sauti, yeye akawa anafuta na kuandika. Maneno yale yalikuwa mengi kuliko nilivyodhani. Bwana anamwamsha mtumwa. Mtumwa hajibu, mrudie. Mtumwa bado hajibu, mwandike kuwa amekufa. Hayo yote nilikuwa nimeyaandika mimi, kwa mkono wangu, na nilikuwa nimeyaona ni maelezo mazuri. Nilipofika hapo pa mwandike kuwa amekufa, nikaacha kusoma. Yeye hakunitazama. Akafuta mstari, akaandika: kifaa hakijibu.

Tulikuwa tumefungua karatasi ya wale wahandisi yenye maneno mapya. Badala ya bwana, wao sasa walisema kidhibiti. Tukashuka chini kutazama badala ya mtumwa waliweka nini. Tafsiri ya Kifaransa ilisema: cible. Shabaha. Kitu kinacholengwa.

Akaligusa neno hilo kwa kidole. "Yaya, angalia," alisema. "Tulikuwaka batumwa. Sasa tuko cible."

"Afazali tubakie batumwa!" nikasema, kabla sijafikiri.

Tulicheka. Mungu anisamehe, tulicheka mpaka machozi, tumeegemea meza, tukaanza tena kila mmoja alipomtazama mwenzake. Watu wa Bunia tunajua kulengwa ni nini. Halafu kicheko changu kikaisha. Aliendelea kujifuta macho muda mrefu. Nikaona kwamba sasa hafuti machozi ya kicheko.

Akaniambia. Alikuwa mtoto, wao wote wanakimbia kwa miguu kutoka upande wa Mongbwalu, na njiani kulikuwa na kizuizi cha watu wenye bunduki. Sitasema wa upande gani, kwa sababu pande zote zilikuwa na vizuizi na hakuna upande uliokosa mchezo wake. Mchezo wa pale ulikuwa huu: mmoja anaita "Mutumwa!" na anayetaka kupita anasema "Iko!" kwa sauti, akicheka. Kucheka lilikuwa sharti. Baba yake aliitikia akapita. Mama yake aliitikia akapita. Kaka yake mkubwa, aliyekuwa nyuma yao, hakuitikia. Waliambiwa waendelee kutembea na wasigeuke.

"Na weye?" nikamuuliza.

"Mi niliitika, yaya. Niliitika na sauti mukubwa. Na nilicheka ya kweli, juu nilizania ni muchezo."

Nikamwambia habari za baba yangu, na mlango, na kugonga. Sikumwambia ili tulinganishe. Nilimwambia kwa sababu nilitaka naye ajue amekuwa akinifanya nini bila kujua. Alishika kichwa kwa mikono miwili. "Kumbe ni mi niko nakugongea," alisema. "Kila siku niko nakugongea."

Nilitaka kuzungumza na patron akirudi. Mwenzangu alikataa kabisa. Patron akijua atamwonea huruma, alisema, na atawaambia wengine kwa huruma hiyohiyo, na wengine watauliza yeye ni mtu wa wapi. "Lakini siku atanilazimisha kuitika ile neno, nitatoka na mulango ya nyuma na sitarudia. Nitamwambia mama tukufie kule ku site." Alilisema hilo bila kupandisha sauti, na nilimwamini. Mshahara wake wa karakana ndio uliokuwa njia ya mama yake kutoka chini ya turubai. Sikuwa nimemsikia akitaka kitu kingine chochote maishani.

Hatukuandika cible. Tuliandika kidhibiti na kifaa, wale watu wa mbali wakakubali. Kila badiliko linatiwa sahihi kwa jina kamili, mbele ya dunia nzima, na hapo mwenzangu akaniomba jambo jingine. Niweke langu peke yake. Ilinikera, maana nusu ya kazi ilikuwa yake na ile nusu bora, lakini niliweka. Siku zilizobaki, tukiwa wawili tu, sikuita bwana wala mtumwa. Nilisema "Degré?" na yeye akanisomea namba. Hakugonga tena. Nililala vizuri siku hizo, na nikafikiri jambo limekwisha. Maneno tumeyafuta kwenye msimbo, patron ataona, na ule mwito utakufa wenyewe.

Patron alirudi na furaha. Jina la karakana ya Bunia limeingia kwenye programu ya dunia nzima! Akawaalika wageni wawili kutoka zone ya afya, ofisi inayosimamia vituo, waje waone, mwanamume mmoja na mama mmoja. Yule mama nilimjua. Ni wa kwetu, tunasali pamoja, na dada yake amezikwa Djugu katika kaburi ambalo hajaweza kulifikia. Patron akawasimamisha mbele ya meza na kuwaeleza habari yote, kifua mbele. Kwamba hapa kwetu hatuandiki tena bwana na mtumwa. Kwamba hata wazungu wametupongeza. Wageni wakatikisa vichwa kwa heshima. Halafu akageuka, akabonyeza kitufe, akajaza mapafu:

"Maître anaita!"

Hakukusudia. Nina hakika kabisa hakukusudia. Tulikuwa tumesafisha kila mstari wa ile programu, na hakuna aliyekumbuka kusafisha mdomo wa patron.

Nilikuwa nimesimama karibu na wageni. Mwenzangu alikuwa nyuma. Nikasubiri, na nilichokuwa nasubiri kilikuwa kule kugonga, nikaomba agonge, agonge tu, mimi nitavumilia. Hakugonga. Nikaelewa kwamba hatagonga kwa sababu yangu. Nilikuwa nimemnyang'anya jibu moja aliloweza kutoa, na hakubakiwa na kitu.

"Maître anaita!" patron akarudia, akiwatabasamia wageni. "Hee, muko wapi kule?"

Kiti kikaburutwa chumba cha nyuma. Nikajua anaelekea mlango wa nyuma. Nilitaka kumkimbilia, nilitaka kumziba patron mdomo, na nilibaki nimesimama palepale.

Ndipo sauti ikaja. Ilikuwa ile besi ya Jumapili, yote, kupitia ukuta. Alitaja jina la ubatizo. Akataja jina la baba yake. Akataja jina la ukoo, lile linaloonyesha kilima, polepole, bila kumeza hata silabi. "Iko," akasema. "Degré quatre." Digrii nne.

Kalamu ya yule mama ilisimama. Alitazama mlango, halafu akanitazama mimi, kwa sababu alijua yaliyompata baba yangu. Mwanamume mwenzake alitazama chini. Patron alibaki mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sikuona dalili ya mzaha usoni mwake. Akabonyeza kitufe cha kipimajoto cha pili, akaita lile jina refu lote, kwa sauti ndogo, akikosea sehemu ya mwisho kwa sababu alikuwa ameliona kwenye diploma tu na hakuwahi kulisikia.

Yule wa nyuma akamsahihisha. Halafu akasoma joto.

Mimi ndiye niliyewasindikiza wageni hadi barabarani. Mwanamume alitangulia. Yule mama alinishika mkono juu ya kiwiko. "Muko naye tangu wakati gani?" aliniuliza.

"Tangu mvua ya mwaka jana, mama."

"Na unalalaka?"

Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua kweli, na nadhani yeye mwenyewe halali. Nikamwambia nalala. Akaniachia mkono, akaenda, na sikuweza kujua amekwenda na nini moyoni wala atakisema kwa nani.

Siku hiyo patron aliomba msamaha kwa namna yake, yaani alitununulia samaki na kufoka kwamba chumvi ni kidogo. Ule mwito haukusikika tena. Sasa anayekaa mbele anaita jina la anayekaa nyuma, basi. Mwenzangu alikaa. Mama yake alihama site na kuingia nyumba ya kupanga yenye mlango wa kufunga, na nilipokwenda kumsalimu nilisimama uani nikaita, naye akatoka akiwa anacheka.

Lakini jina likishasemwa halirudi kinywani. Limefika sokoni, limefika kwa fundi wa pikipiki wa pale kona, limefika kwenye kwaya yetu. Hakuna aliyesema neno baya. Wanalitaja tu, kwa sauti ya kawaida, kisha wanabadilisha mazungumzo. Hasira zangu za zamani sijui zimekwenda wapi. Nilichobaki nacho ni woga peke yake, na huo haunisaidii kwa lolote. Ninafika karakana mapema kuliko wote. Nafungua madirisha, nawasha kompyuta, halafu natoka kusimama mlangoni kutazama barabara ile anayopita.

Akitokea, namwita. Namwita kwa jina lote, la ubatizo, la baba, la ukoo, kwa sauti ya kutosha barabara nzima isikie kwamba kuna mtu anamsubiri. Yeye anainua mkono. Watu wanaopita wanageuka kumtazama, na mimi nabaki pale mlangoni, sijui kama namlinda au nawaonyesha ni yupi.